Kulinda Mpaka na Kulinda Kilichomo Ndani Yake

Ndugu wasikilizaji, maofisa na askari wa jeshi na polisi, mlio kambini, mlio lindoni na mlio kwenye vizuizi vya barabarani: jambo tutakalolitazama katika maoni yetu ya leo ni uhai wa nchi hii, yaani wanyama wake na miti yake, na hasa katika upande wa magharibi wa mto Nile, kuanzia Arua mpaka Koboko. Huenda baadhi yenu mkauliza: habari za wanyama na miti zinatuhusu nini sisi tulioapa kulinda mipaka na usalama wa raia? Je, hiyo si kazi ya askari wa wanyamapori na mabwana misitu? Swali hilo ni la haki, na jibu lake limo katika historia ya mnyama mmoja.

Mashariki ya Arua, ukiteremka kuelekea mtoni, upo mji mdogo uitwao Rhino Camp, yaani Kambi ya Kifaru. Katika sehemu hizo yapo pia makazi ya wakimbizi yenye jina hilo hilo, ambayo tangu vita vya Sudan Kusini vilipozuka Desemba 2013 yamepokea watu kwa makumi ya maelfu. Wapo watoto waliozaliwa hapo, na kila siku hulitaja jina hilo shuleni na kwenye mgao wa chakula. Lakini hakuna hata mmoja wao aliyemwona kifaru akila majani katika nchi hiyo. Jina limebaki, mwenye jina hayupo.

Mnyama huyo ni kifaru mweupe wa kaskazini. Neno "mweupe" lisitupotoshe, kwani rangi yake ni ya kijivu, na mara nyingi ni ile ya tope aliloligaagaa. Hutambulikana kwa mdomo wake mpana wa kukatia nyasi, tofauti na kifaru mweusi ambaye mdomo wake umechongoka kwa kuchumia majani ya vichaka. Katika Uganda, asili ya kifaru mweupe ni ng'ambo ya magharibi ya Nile peke yake. Wataalamu walimpa jina rasmi mwaka 1908, kutokana na kielelezo kilichotoka katika nchi ya Lado, ambayo wakati huo ilikuwa chini ya Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji. Sehemu ya kusini ya nchi hiyo ndiyo iliyoingizwa Uganda mwaka 1914 na kuitwa West Nile. Kwa maneno mengine, mnyama huyu alijulikana duniani kutoka katika udongo huu.

Walikuwa wengi kiasi gani? Mapema mwaka 1910, Theodore Roosevelt, ambaye alikuwa ametoka katika urais wa Marekani mwaka mmoja kabla, alipiga kambi kwenye ukingo huo wa magharibi, na yeye na mwanawe wakaua vifaru weupe tisa kwa ajili ya majumba ya makumbusho ya kwao. Katikati ya miaka ya 1950, vifaru wa West Nile walikadiriwa kuwa kama 350. Kufikia mwaka 1963 walikuwa wamebaki kama 80 tu. Serikali ya wakati ule iliona hatari hiyo. Baadhi ya vifaru walikamatwa na kuvushwa mto, wakapelekwa katika Hifadhi ya Taifa ya Murchison Falls, na huko wakaanza kuzaana. Sehemu za Ajai, kando ya Nile, na za Mlima Kei, upande wa mashariki wa Koboko, ziliwekwa kuwa makimbilio yao. Hivyo basi, ndugu wasikilizaji, mnyama huyu hakutoweka kwa kukosa sheria, wala kwa kukosa hifadhi kwenye ramani. Vyote hivyo vilikuwapo.

Kilichokosekana ni mlinzi. Katika miaka ya 1970 bei ya pembe ya kifaru ilipanda mno, kwa kuwa ilitakiwa Yemen kwa kutengenezea mipini ya majambia, na nchi za Asia ya Mashariki kwa dawa. Pembe hiyo haina ajabu yoyote. Imefanywa kwa kitu kile kile kinachofanya ukucha wa binadamu. Lakini wenye fedha waliitaka, na wakati ule ule Uganda ilijaa bunduki zisizokuwa na nidhamu. Magendo yakawa ndiyo biashara ya nchi. Kisha ikaja vita ya 1979, majeshi yakapita, mengine yakikimbia na mengine yakifukuza, na silaha zikatapakaa vijijini. Watu wengi wa West Nile wenyewe walilazimika kukimbilia Zaire na Sudan, na hapakuwa na mtu wa kuuliza habari za wanyama. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980, Uganda haikuwa na kifaru hata mmoja porini, si mweupe wala mweusi. Na ndovu wa Murchison Falls, waliokuwa zaidi ya 10,000 mwanzoni mwa miaka ya 1970, walibaki mia chache tu kabla ya muongo uliofuata kwisha.

Hapa ni lazima ukweli usemwe waziwazi, hata kama hauwapendezi wasikilizaji wa kipindi hiki. Risasi nyingi zilizowamaliza wanyama wa Uganda katika miaka ile hazikutoka katika pinde na mikuki ya wanakijiji. Zilitoka katika bunduki za kivita zilizonunuliwa kwa fedha ya umma, na mara nyingi zilipigwa na watu waliovaa sare. Wahenga walisema: kikulacho ki nguoni mwako. Hatusemi haya ili kufufua chuki za zamani wala kuhesabu makosa ya jeshi hili au lile. Twasema kwa sababu nguvu ile ile iliyoangamiza ndiyo pekee inayoweza kuhifadhi. Bunduki haichagui kazi. Mwenye kuishika ndiye achaguaye.

Yaliyotokea ng'ambo ya mpaka yanathibitisha jambo hilo. Magharibi ya Koboko, ndani ya Kongo, ipo Hifadhi ya Taifa ya Garamba. Mwaka 1960 ilikuwa na vifaru weupe zaidi ya 1,000. Uasi wa miaka ya 1960 ulipokwisha, walikuwa wamebaki kama 100. Utulivu uliporejea waliongezeka tena hadi mia kadhaa. Lakini ujangili ukarudi, na mwaka 1984 wakahesabiwa 15 tu. Walinzi wakatiwa nguvu, idadi ikapanda kidogo kidogo kufikia kama 30. Halafu vikaja vita vya Kongo na makundi ya majangili wenye farasi na bunduki kutoka kaskazini. Mwaka 2006 walionekana wanne. Baada ya hapo hapana aliyeonekana tena. Tazameni hesabu hizo jinsi zinavyopanda na kushuka: palipokuwa na ulinzi, mnyama aliongezeka, palipokuwa na fujo, alikwisha. Hakuna somo lililo wazi kuliko hilo.

Leo dunia nzima ina vifaru weupe wa kaskazini wawili tu, wote majike, nao wanaishi katika shamba la hifadhi la Ol Pejeta, Kenya, chini ya ulinzi wa askari wenye silaha usiku na mchana. Mmoja ni Najin, aliyezaliwa mwaka 1989. Wa pili ni binti yake Fatu, aliyezaliwa mwaka 2000. Wote wawili walizaliwa katika bustani ya wanyama ya Dvůr Králové, katika nchi iitwayo sasa Jamhuri ya Cheki, wakaletwa Kenya Desemba 2009. Baba wa Najin, aliyeitwa Sudan, ndiye dume la mwisho, naye alikufa tarehe 19 Machi 2018. Jambo ambalo pengine wengi hawalijui ni kwamba mama wa Najin, aliyeitwa Nasima, alikamatwa hapa Uganda. Damu ya vifaru wa ng'ambo ya Nile bado inatembea katika miili hiyo miwili, lakini inatembea ugenini, na wote wawili hawawezi tena kubeba mimba.

Wataalamu kutoka nchi mbalimbali wanajaribu kukiokoa kizazi hicho. Huchukua mayai ya Fatu, huyaunganisha na mbegu za madume waliokwisha kufa, mbegu ambazo zilihifadhiwa kwenye baridi kali, na viinitete vinavyopatikana hukusudiwa kupandikizwa katika majike ya jamii ya kusini. Mwanzoni mwa mwaka 2024 walitangaza kwamba kwa mara ya kwanza mimba ya kifaru iliyopandikizwa kwa njia hiyo ilishika. Hiyo ilikuwa ya viinitete vya jamii ya kusini, vilivyotumiwa kwa majaribio, na mama akafa kwa maradhi mengine kabla ya siku zake. Fikirini gharama yake: maabara za Ulaya, ndege, madaktari, walinzi, na miaka mingi ya kungoja. Hata katika hali ya kawaida, kifaru hubeba mimba kwa muda wa miezi 16 hivi, na huzaa mtoto mmoja tu kila baada ya miaka miwili au mitatu. Risasi humaliza kazi kwa nukta moja. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na kuta nyingine hazijengeki tena kama zilivyokuwa.

Lakini msidhani kwamba habari hii ni ya msiba mtupu. Jamii nyingine ya mnyama huyu, kifaru mweupe wa kusini, nayo ilikaribia kwisha. Mwishoni mwa karne ya 19 walikuwa wamebaki chini ya 100, katika sehemu moja tu ya Afrika Kusini. Walilindwa, na baada ya miaka mia moja idadi yao ikawa kwa maelfu, hata wakafikia kama 20,000. Ujangili umewapunguza tangu wakati huo, lakini bado ni zaidi ya 15,000. Kutokana na hao, Uganda ilianza upya. Mwaka 2005 waliletwa vifaru wanne kutoka Kenya katika shamba la hifadhi la Ziwa, wilayani Nakasongola, na mwaka 2006 wakaongezwa wawili kutoka Marekani. Mwaka 2009 alizaliwa huko mtoto wa kwanza wa kifaru katika ardhi ya Uganda baada ya takriban miaka 30. Kutoka wale sita, idadi imepita 40. Garamba nayo, mwezi Juni 2023, ilipokea vifaru 16 wa jamii ya kusini kutoka Afrika Kusini. Na kuhusu Ajai, Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda imekwisha tangaza azma ya kuwarudisha vifaru huko, kwenye ukingo wa Nile, katika eneo ambalo tangu 2019 limo katika Wilaya ya Madi-Okollo.

Hao si wale wa asili; ni jamaa zao. Lakini kazi yao porini ni moja. Kifaru mweupe hukata nyasi ndefu zikawa fupi, na penye nyasi fupi swala hupata malisho na moto wa kiangazi hukosa kuni za kuuwasha. Madimbwi anayogaagaa huhifadhi maji, na kinyesi chake hurutubisha ardhi. Kila kiumbe porini kina zamu yake, kama vile katika kikosi kila askari ana zamu yake. Mmoja akitoroka, mzigo huwaangukia wengine.

Sasa turudi kwenye swali la mwanzo. Askari wa Arua au wa Koboko anahusika vipi? Anahusika kwa sababu ya mahali aliposimama. Koboko ni pembe ambapo mipaka ya nchi tatu inakutana: Uganda, Kongo na Sudan Kusini. Barabara itokayo Oraba hupita Koboko na kufika Arua; itokayo Kongo huingia kwa Vurra; kisha magari yanayokwenda Kampala huvuka Nile kwenye daraja la Pakwach. Njia hizo ni za biashara halali na ni riziki ya wananchi. Lakini ndizo hizo hizo ambazo mlanguzi huzitazama kwa jicho la tamaa. Mwezi Januari 2019, Mamlaka ya Mapato ya Uganda ilikamata makontena ya magogo yaliyotoka Sudan Kusini. Kwa kuyatazama, yalikuwa mbao tu. Yalipopasuliwa, yalionekana yamechimbwa ndani, yakajazwa mamia ya vipande vya pembe za ndovu pamoja na maelfu ya magamba ya kakakuona, kisha yakazibwa kwa nta. Shehena kama hiyo haisafiri kwa miguu porini. Husafiri barabarani, mchana, ikiwa na karatasi, na hupita mbele ya macho ya watu wenye sare.

Na si pembe na magamba tu. Miti ya West Nile nayo inaondoka. Kuna mti mgumu wa jamii ya mbambakofi, ambao wataalamu huuita Afzelia africana, unaotafutwa sana kwa mbao. Novemba 2022, katika mkutano wa mataifa uliofanyika Panama, biashara yake iliwekwa chini ya uangalizi wa kimataifa. Kuna mti wa shea, ambao mbegu zake huwapa akina mama mafuta ya chakula na ya kuuza. Huo nao hukatwa na kuchomwa makaa. Mti kama huo huchukua miaka mingi kabla ya kuzaa vizuri, na tanuri la makaa hulimaliza gogo lake kwa siku chache. Mwezi Mei 2023, Rais alitoa agizo la kupiga marufuku ukataji wa miti kwa makaa ya biashara katika kaskazini na kaskazini-mashariki ya Uganda. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2019 nayo ni kali: anayepatikana na hatia juu ya mnyama aliye katika hatari ya kutoweka aweza kufungwa maisha, au kutozwa faini ya hadi shilingi bilioni 20. Hiyo si tishio la karatasi. Oktoba 2022 mahakama ya Kampala ilimfunga maisha mtu mmoja kwa makosa ya pembe za ndovu.

Kwa hiyo, tunayo mambo manne ya kusisitiza kwa walinzi wa usalama.

La kwanza, gari la serikali lisiwe pango la walanguzi. Kila mtu ajua kwamba lori la jeshi au la polisi halisimamishwi wala halipekuliwi. Heshima hiyo ni amana. Afande anayepakia magunia ya makaa au mbao za wizi chini ya turubai la serikali anaiuza heshima ya kikosi kizima, na koplo anayeamrishwa kupakia anafundishwa kwamba sheria ni ya raia peke yao.

La pili, kizuizi cha barabarani kiwe kizuizi kweli. Dereva anayetoa "chai" haraka kabla hajaulizwa neno huwa ana sababu. Fedha hiyo ndogo ndiyo iliyowamaliza vifaru. Majangili hawakuwa na nguvu ya kulishinda jeshi, walikuwa na fedha ya kulifumba macho.

La tatu, mali iliyokamatwa ihifadhiwe vyema. Kesi nyingi hazishindwi porini bali mahakamani, kwa sababu kielelezo kimepotea, au hakikuandikwa kimekamatwa wapi, saa ngapi na nani. Kalamu ya polisi hapo ina kazi kubwa kuliko risasi. Na maofisa wa wanyamapori na wa misitu waitwe mapema, kwani ndio wenye ujuzi wa kutambua gamba hili ni la mnyama gani na gogo lile ni la mti gani.

La nne, na hili ni zito kama yote, haki itendeke kwa wanyonge. Mama wa kijijini au mkimbizi mwenye mzigo wa kuni kichwani si jangili. Anatafuta moto wa kuwapikia watoto. Kumpiga na kumnyang'anya kuni zake, huku lori lenye magunia mia mbili likipita kwa saluti, ni dhuluma, tena ni ujinga wa kiaskari. Kwa maana wananchi ndio wanaojua nani ameingia msituni usiku na lori gani limefichwa wapi. Wakiwaogopa walinzi, watanyamaza. Wakiwaamini, kila kijiji kitakuwa kituo cha doria. Na penye miradi ya kupanda miti na majiko yanayotumia kuni chache, askari aisaidie, maana kila mzigo wa kuni unaookolewa ni mti mmoja uliopunguziwa shoka.

Pengine yupo atakayesema kwamba nchi masikini haina nafasi ya kuhangaikia wanyama wakati watu wana shida. Lakini aangalie ni nani aliyetajirika kwa kifaru wa West Nile. Si Arua, si Koboko, wala si Rhino Camp. Pembe zilikwenda mbali, fedha zikakaa mikononi mwa walanguzi wachache, na wenyeji wakabaki na jina. Kama vifaru wale wangekuwapo leo, wageni wangekuja kuwatazama katika makao yao ya asili, na vijana wa Madi, wa Lugbara, wa Aringa na wa Kakwa wangepata kazi. Kulinda viumbe ni kulinda mali ya wananchi, sawasawa na kulinda ghala au daraja.

Ndugu maofisa na askari, vifaru watakapokuwa wamekaa tena Ajai, hawatahitaji hotuba. Watahitaji ua usiokatwa, doria isiyolala, na barabara ambayo pembe haiwezi kupita. Mnyama anayeletwa mahali pasipo na ulinzi ameletwa machinjoni. Mataifa yanaweza kutoa vifaru, na wataalamu wanaweza kutoa elimu, lakini uaminifu wa mlinzi hauagizwi kutoka nje. Huo hutoka kwa mtu mmoja mmoja, aliyesimama zamu yake usiku, pasipo afande wa kumwangalia, mbele ya lori lililofunikwa turubai.